Siku Mbili za Wazungumzaji na Ngoma Katika Kongamano la Mombasa

Ada ya siku mbili ilikuwa shilingi 6,000, chai ya saa nne na chakula cha mchana vikiwemo. Kongamano lilifanyika katika hoteli moja ya ufuoni, kaskazini mwa Mombasa, na mada yake ilikuwa uongozi, ujumuishaji na utamaduni. Waandalizi na wazungumzaji sitawataja kwa majina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimeziona kwingine pia, na nia yangu ni kupima kile kilichotoka jukwaani tu.

Mtoa mada mkuu alipewa dakika 30 akatumia 55. Nusu ya kwanza ilistahili kusikilizwa. Aliichambua Ibara ya 27(8) ya Katiba ya mwaka 2010, inayotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa, kisha akasimulia bila pupa jinsi Bunge lilivyoshindwa kuitungia sheria hadi Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje mnamo Septemba 2020. Ukumbi ulitulia tuli. Baada ya hapo zikaja slaidi za safari zake mwenyewe, picha baada ya picha, na watu wakaanza kuchungulia simu.

Aliyefuata, mwanasheria anayetumia kiti cha magurudumu, alizungumzia Ibara ya 54 na ile asilimia tano ya nafasi ambayo Serikali inapaswa kuwafikishia watu wenye ulemavu hatua kwa hatua. Jukwaa lilikuwa na ngazi nne na halikuwa na njia ya mteremko, kwa hiyo alizungumzia chini, mbele ya meza za wageni wa heshima, nasi wa nyuma tukawa tunaisikia sauti bila kumwona mwenyewe. Hakulalamika. Alitaja tu kwamba amehesabu ngazi hizo, akaendelea na hoja yake, na kwa maoni yangu hakuna aliyefundisha mengi kwa maneno machache kuliko yeye. Mkalimani wa lugha ya ishara naye aliwekwa pembeni, kando ya chungu cha maua. Kila taa zilipopunguzwa ili slaidi zionekane, mikono yake ilipotelea gizani. Ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo inaiagiza Serikali iendeleze lugha ya ishara ya Kenya, na nusu ya wasemaji waliinukuu siku hiyo, ila hakuna aliyefikiria kumwashia mtu huyu taa moja.

Mzungumzaji niliyemfuata mimi hasa alikuwa mzee wa Kimakonde kutoka Kwale. Wazazi wake walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na yeye akazaliwa, akakua na kuzeeka hapa bila kitambulisho. Alieleza maana yake kwa mambo ya kila siku: huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo pesa zako zinakaa katika simu ya jirani, na siku jirani amesafiri hununui unga. Kisha akafika Oktoba 2016, walipotoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Alikuwa anaingia katika safari yenyewe, nani alitangulia na nani aliwashawishi waliotaka kurudi njiani, jambo ambalo ndilo uongozi uliotangazwa katika tikiti, mfawidhi alipomwendea na kumnong'oneza, “Mzee wetu, tunaomba umalizie.” Muda wake ulikuwa umeliwa asubuhi, na sote tulijua umeliwa na nani.

Kwa upande wa wasanii, waandalizi walichagua vizuri na kupanga vibaya. Kikundi cha sengenya cha Wadigo kilitumbuizia chakula cha mchana, nzumari ikishindana na mlio wa vijiko. Ngoma hiyo ina maneno ya kuchoma, na hata jina lake Mswahili halisikii bila kukumbuka kusengenya. Nilimsikia mwimbaji akiwatia utani waliokuwa wakipanga foleni mara ya pili kwenye pilau, lakini ni meza mbili tu zilizocheka. Mapiko ya Wamakonde yalipewa nafasi njema zaidi, mwisho wa siku ya kwanza, na mchezaji mwenye kinyago cha mbao alijibizana na wapigaji ngoma kwa mabega na magoti mpaka wahudumu wakaacha kukusanya vikombe.

Siku ya pili ilikuwa bora. Mhadhiri mmoja alimzungumzia Mekatilili wa Menza, aliyewakusanya Wagiriama mwaka 1913 kupinga utawala wa Waingereza, akijikita katika kifudu, ngoma ya mazishi aliyoitumia kuwavuta watu ili awahutubie. Hapo ndipo nilipomwona mzungumzaji pekee aliyeunganisha maneno matatu ya mada bila kuyalazimisha, na wachezaji wa kifudu waliingia akiwa bado anazungumza, si baada yake. Jioni kikundi cha taarabu cha akina mama kilifunga kazi. Mama mmoja alisimama kutuza, noti akaiweka polepole huku akimkodolea macho mtu wa meza ya mbele, na minong'ono iliyofuata juu ya fumbo lile ilikuwa na uhai kuliko maswali na majibu ya siku mbili nzima.

Anayefikiria kwenda mwakani aulize tikiti ya siku moja, ambayo haitangazwi lakini ipo mlangoni kwa shilingi 3,500, na achague siku ya pili. Akae upande wa kushoto karibu na milango, kwa kuwa vipaza sauti vya kulia vilikwaruza muda wote. Anayerudi kusini aondoke kabla ya saa kumi na moja. Nilimkuta mzee wa Kwale kwenye foleni ya feri Likoni saa moja usiku, wenzake wakiwa wamekibeba kinyago ndani ya leso, na tulipovuka ndipo alipoimaliza ile habari ya safari.