Tabora Boys au Kibaha?

Shule hizi mbili za sekondari za Tanzania zote ni za serikali, za wavulana, za vipaji maalumu, yaani za waliofaulu vizuri zaidi. Asili zake ndizo mbalimbali.

Tabora Boys ilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza mwaka 1922, kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu, ili waje kuwasaidia wakoloni kutawala. Mwaka 1937 akaingia mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, Julius Nyerere. Naye Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa baadaye, alisoma hapohapo. Shule iliyokusudiwa kutoa watumishi wa mkoloni ikatoa waliomng'oa. Kila nikilifikiria hili moyo hunisisimka.

Kibaha ni mtoto wa uhuru. Ilifunguliwa mwaka 1965 kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, kandokando ya Barabara ya Morogoro, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Haikujengwa peke yake: pembeni palikuwa na kituo cha afya na chuo cha wakulima, hivyo kijana alisoma baiolojia huku jirani mama amembeba mwanawe mgonjwa akisubiri daktari.

Kwa anayetaka sayansi, mimi ningemwambia Kibaha. Kwa historia, Tabora haina mpinzani.