Intel I350-T4 ndani ya ruta: kuifunga na kuikagua

Habari zenu, karibuni. Leo mezani nina kadi ya mtandao ya Intel I350-T4, poti nne za gigabiti 1, na inaingia kwenye ruta hii hapa, kompyuta ndogo inayoendesha Linux. Wengi mmeuliza kama kadi iliyotoka mwaka 2011 bado inafaa. Inafaa sana. Ila sehemu kubwa ya video hii ni ukaguzi, maana watu wengi wakishaona taa ya kijani wanafunga kasha na kuondoka, halafu wiki nzima wanalaumu kampuni ya intaneti.

Naisogeza karibu na kamera. Hii safu ya dhahabu huku chini ni ya x4, yaani njia nne za data za PCIe, ule mfumo wa nafasi za kadi kwenye ubao mama, kwa hiyo inakaa vizuri hata kwenye nafasi ya x8 au x16. Hili bati dogo ndilo la kupoza joto, feni haina. Kadi inakula kama wati 5 tu, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya seva zenye upepo mkali ndani, kwa hiyo kasha lililobana liachie upenyo wa hewa. Na kama kasha lako ni jembamba, ulizia bamba fupi la nyuma kabla hujalipa.

Tahadhari: kadi hii imeghushiwa mno. Mimi nikipewa nichague kati ya "mpya" ya bei ya kutupa na iliyochomolewa kwenye seva ya zamani, nachukua ya seva.

Kuifunga hakuna maajabu. Zima ruta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha, umeme tuli utoke mkononi. Shika kadi kwenye kingo, isukume mpaka dhahabu izame sawasawa pande zote mbili, kisha kaza skrubu. Skrubu hiyo msiidharau jamani! Kebo nne zikivutwa kwa nyuma, kadi isiyokazwa inanyanyuka upande mmoja.

Sasa washa. Amri ya kwanza ni lspci -nn, inayoorodhesha vifaa vya PCI pamoja na namba zao. Mnaona, kadi moja lakini mistari minne, kila mmoja una 8086:1521. Hiyo ndiyo namba ya I350 ya kebo za shaba. Ukiona mistari mitatu, au hakuna kabisa, zima uikalishe upya. Kisha sudo lspci -vv, tafuta mstari wa LnkSta, yaani hali ya kiungo kati ya kadi na ubao mama. Hapa kwangu panasema 5GT/s, ndiyo kasi ya kila njia, na Width x4, ndiyo idadi ya njia. Kama kwako pametokea x1 wakati nafasi ni ya x4, ama kadi haijazama, ama ubao mama umegawa njia zake kwa kifaa kingine. Draiva, programu inayoiendesha kadi, ni igb, imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, huna haja ya kupakua chochote.

Hapa panahitaji utulivu. Tazama majina ya poti: kabla ya kufunga kadi, poti ya intaneti iliyo kwenye ubao mama iliitwa enp2s0. Sasa inaitwa enp3s0. Linux inatoa majina kwa kufuata mahali kifaa kilipo kwenye basi ya PCI, na kadi mpya inaweza kusogeza namba za wenzake. Sheria zako za ukuta wa moto (firewall) zikiwa bado zinaitaja enp2s0, intaneti haipiti, na kadi wala haina kosa. Dawa yake ni kuandika faili la .link ndani ya /etc/systemd/network linalofunga jina kwenye anwani ya MAC, namba ya kipekee ya kila poti. Na kujua poti ipi ndiyo ipi, tumia ethtool, programu ya kukagua poti za mtandao: andika ethtool -p na jina lake, taa ya poti hiyo inaanza kukonyeza. Ile pale, ya pili kutoka kushoto!

Chomeka kebo, endesha ethtool na jina la poti, bila -p. Tunataka Speed 1000Mb/s, Duplex Full, yaani data inakwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Ukikuta 100Mb/s, usiikimbilie kadi, badilisha kebo kwanza. Gigabiti inatumia jozi zote nne za nyaya. Megabiti 100 inatumia jozi mbili tu. Uzi mmoja wa zile jozi mbili nyingine ukikatika ndani ya kichwa cha kebo, taa inawaka vilevile na kasi inashuka kimyakimya.

Jaribio la mwisho ni mzigo. Msiendeshe iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwenye ruta yenyewe. Weka kompyuta moja kila upande, ili pakiti, vile vipande vya data, zipite katikati ya ruta. Mimi naendesha iperf3 -t 600, yaani sekunde 600, kisha narudia na -R kwa upande wa pili. Hapa tumepata takriban megabiti 940 kwa sekunde kila upande, na kwa gigabiti 1 hutarajii zaidi ya hapo. Kisha ethtool -S, inayotoa hesabu za poti: rx_crc_errors, pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika, ni sifuri, imebaki sifuri. Ingekuwa inapanda, ningeshuku kebo au poti. rx_missed_errors ikipanda, maana yake pakiti zinafika lakini kompyuta inashindwa kuzipokea kwa wakati.

Uamuzi wangu: kwa laini ya intaneti isiyozidi gigabiti 1 naipendekeza kwa moyo mmoja, kwa sababu draiva yake imekomaa na poti nne zinatosha kutenganisha wageni, kamera na kompyuta za kazi. Laini yako ikiwa imevuka hapo, iacheni hii, tafuteni kadi yenye chipu ya Intel I226 ya gigabiti 2.5. Wenye LnkSta inayosoma x1, niandikieni aina ya ubao mama kwenye maoni, tuitazame pamoja.