Mfalme Lear wa mtu mmoja: nilivyouona mchezo huu

Tiketi niliikata kwa shingo upande. Mfalme Lear, tanzia ya Shakespeare yenye mabinti watatu, wakwe, wasaliti na vita, ichezwe na mtu mmoja kwa dakika 75? Nilijua nitatazama mtu akibadilisha kofia na kugeuza sauti mpaka koo limkauke.

Jukwaani hapakuwa na kofia. Palikuwa na toroli la dukani lililosheheni mifuko ya plastiki, na boksi lililokunjuliwa sakafuni mithili ya mkeka. Mzee akaingia akatafuta soksi. Akatoa kitu kimoja kimoja, akarudisha, akatoa tena. Watu wakacheka, halafu kicheko kikaisha chenyewe. Katika kupekua huko akaibuka na karatasi iliyokunjwa, akaikung'uta: ramani. Akaanza kugawa nchi. Kuanzia hapo hujui kama huyu ni mfalme aliyeishia barabarani au ni mzee wa barabarani anayejiona mfalme, na mchezo haukuambii.

Soksi ilipatikana, akaivaa mkononi. Ndiyo ikawa mcheshi wa mfalme, inamkejeli kwa midomo ya vidole vyake mwenyewe. Anayeijua tanzia hii atakumbuka kwamba mcheshi yule hutoweka baada ya tendo la tatu bila maelezo yoyote. Hapa mvua iliponyesha, mzee aliivua soksi mkononi akaivaa mguuni. Basi. Nimesoma tamthilia hii mara mbili na sikuwahi kusikitikia mcheshi mpaka siku hiyo.

Kilichonishika zaidi ni vizibo vya chupa. Lear anapoachia ufalme hubakiza askari 100 wa kumsindikiza, na mabinti wakubwa wanawakata: 50, 25, kisha wanauliza hata huyo mmoja wa nini. Mzee alikuwa amepanga vizibo mstari mrefu ukingoni mwa jukwaa. Kila binti anaposema, kiganja chake mwenyewe ndicho kinachofagia. Kilipobaki kimoja akakitia mdomoni, kama mtoto anayeficha pipi, akaendelea kuongea nacho shavuni.

Na hapa ndipo mtu mmoja anapozidi kundi zima la waigizaji. Mabinti tunawasikia kwa kinywa cha baba yao tu. Goneril, binti mkubwa, analalamika kwamba wanaume mia wanamvurugia nyumba, na anavyosemewa na mzee mwenyewe, hoja yake inaingia akilini! Niliwahi kuishi na mzee aliyesahau kwamba ameshakula na kutuita wachoyo mbele ya wageni. Nilikaa pale nikijikuta upande wa Goneril, na sikupenda.

Si kila kitu kimekaa sawa. Habari ya Gloucester, mzee mwingine anayetobolewa macho, imebanwa ikawa tochi moja inayowashwa na kuzimwa, jirani yangu akaninong'oneza, "Kwani kipofu ni nani?" Kosa baya zaidi ni la ukumbi. Sauti ya radi ilifunguliwa mno, ikameza maneno yale Lear anapowakumbuka maskini wasio na paa na kukiri kwamba alipokuwa na mamlaka hakuwajali. Hayo ndiyo maneno yanayoubeba mchezo huu, nasi tuliambulia midomo inayocheza. Nilimweleza mhudumu nikitoka, akasema spika ziko vile siku zote.

Kwa Shakespeare, Lear na Cordelia, binti yake mdogo, wote hufa mwishoni. Mwaka 1681 mwandishi Nahum Tate aliiandika upya hadithi hii, Lear akarudishiwa ufalme na Cordelia akaolewa, na watazamaji wa Uingereza wakaishi na mwisho huo zaidi ya karne moja. Zamani niliwaona waoga. Sasa nawaelewa, kwa sababu Cordelia wa hapa ni blanketi la kijivu, na mzee analikunja taratibu, pembe kwa pembe, analipuliza kuona kama nyuzi zitatikisika.

Ukienda, chukua viti vya mbele, ila ujue unachojitakia. Katika tamthilia, dakika za mwisho, mfalme anaomba afunguliwe kifungo cha nguo na kuna watu wa kumfungulia. Huyu hakuwa na mtu. Alisogea ukingoni, akainua kidevu, akashika kifungo cha koti na kutusubiri. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mama mmoja kulia kwangu alinyanyua mkono nusu, akatutazama wengine, akaushusha. Taa zikazimwa yeye bado amesimama vile.