Kutoka Tui hadi Santiago de Compostela kwa miguu: uzoefu wangu wa siku saba

Nilitembea sehemu ya mwisho ya Njia ya Kireno ya Mtakatifu Yakobo, njia ya hija ya Wakristo, kutoka Tui, mji wa Hispania ulio mpakani na Ureno, hadi Santiago de Compostela, mwendo usiopungua kilomita 115, nikiwa na daftari lenye majina na nia za sala za watu kumi na wawili wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo. Wengi huigawa safari hii katika siku sita. Mimi nilitumia saba, na siku hiyo ya ziada ndiyo ninayoishukuru zaidi.

Njia yenyewe haisumbui kuifuata, kwani mishale ya njano na alama za ganda la kombe zipo karibu kila njia panda. Anayetaka Compostela, yaani cheti cha kukamilisha hija, hutakiwa kutembea angalau kilomita 100 na kugongewa pasi yake ya hujaji mihuri miwili kila siku, nayo hupatikana makanisani, hostelini na hata migahawani. Hosteli za umma za Galicia, jimbo la Hispania inamopita njia hii, nililipia euro 10 kwa usiku. Haziwekewi nafasi kabla, kwa hiyo fika mapema. Majiko yapo, lakini mara nyingi hayana sufuria wala sahani.

Kipande kilichonichosha ni kile cha kuingia O Porriño, ambapo barabara ya lami hunyooka katikati ya viwanda. Ipo njia mbadala yenye alama, inayopita chini ya miti kando ya Mto Louro, nami nashauri kila mtu aifuate. Nilijuta pia kuilipa kampuni moja inibebee begi, kwa sababu waliliacha kwenye hosteli nyingine, nikalitafuta hadi usiku huku miguu ikiwa na malengelenge. Kuanzia hapo nililibeba mwenyewe.

Lakini Pontevedra! Tangu mwaka 1999 mji huu umekuwa ukiyaondoa magari katikati yake, na jioni viwanja vyake vya mawe hujaa watoto wanaocheza bila mzazi kuhofia chochote. Kanisa la Bikira Hujaji, lililoanza kujengwa mwaka 1778, lina ramani ya umbo la ganda la kombe, na nilikaa ndani yake karibu saa nzima. Nililala usiku mbili, ule wa pili katika nyumba ya wageni ya binafsi, kwa kuwa hosteli za umma kwa kawaida hukupokea usiku mmoja tu. Hapo ndipo nilipokula pweza wa Kigalisia, aliyechemshwa akalainika, kisha akatiwa mafuta ya zeituni, chumvi na unga wa pilipili nyekundu. Mtu wa Tanga kama mimi hakuhitaji kushawishiwa.

Mji wa Caldas de Reis nilipita haraka, nikaloweka tu miguu katika maji yake ya moto. Katika mji wa Padrón lipo kanisa la Yakobo lenye jiwe chini ya altare, ambalo mapokeo husema ndipo ilipofungwa mashua iliyoleta mwili wa Mtume Yakobo.

Nilipofika Santiago nilishuka kwanza kwenye kaburi la Yakobo, chini ya altare kuu ya kanisa kuu, nikafungua daftari na kusoma majina yote kumi na mawili, polepole, kabla ya kwenda kuchukua cheti changu.