Mashine ya gemu kwa nyumba ya LUKU na bando: ipi ununue kwanza

Nilinunua PS4 Slim, ile PlayStation 4 nyembamba, ya mtumba Kariakoo, mitaa ya Aggrey, nikaitia kwenye begi la mgongoni hadi nyumbani. Jioni nikaichomeka kwenye TV ya sebuleni, nayo ikamkaribisha mtu mwingine. Jina lake, picha yake, gemu alizoacha katikati. Binti yangu wa miaka tisa akauliza, "Baba, huyu kaka ni nani?" Nikaingia kwenye mipangilio nikakuta barua pepe yake, meseji alizokuwa akiandikiana na marafiki zake, na kadi ya benki iliyohifadhiwa, tarakimu nne za mwisho zinasomeka. Muuzaji alikuwa ameipangusa nje ikang'aa. Ndani hakugusa chochote.

Usiku ule niliifuta yote, ile njia ya kufuta kabisa ambayo huchukua masaa, wala si ile ya haraka. Toka hapo mtu akiniuliza anunue mashine gani, siangalii bei ya dukani peke yake. Bei ya dukani unailipa mara moja. Umeme unaulipa kila mwezi, bando unalilipa kila gemu linapoingia, na mambo ya nyumbani kwako yakishatoka nje hayarudi. Kwa hiyo nimezipanga kwa kuangalia hayo matatu, halafu ndiyo uzuri wa picha.

Kwanza tuelewane kwenye umeme. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO uniti moja pamoja na kodi inafika shilingi 356 hivi, ndiyo maana ukishakatwa kodi ya jengo, elfu kumi inakupa uniti 28. Hesabu zangu zote ni za kucheza masaa matatu kwa siku, siku 30, bila kuhesabu TV.

Ya kwanza: PS4 Slim ya mtumba

Najua vijana watanishangaa, mashine ya mwaka 2016. Lakini ukiipima kwa maisha ya nyumba nyingi za hapa, bado inaongoza. Ikicheza inakula wati 80 hivi, maana yake uniti 7 kwa mwezi, kama shilingi 2,600. Inasoma CD, na CD za PS4 zimejaa kila mtaa: unanunua, ukimaliza unauza au unabadilishana na jirani. Huhitaji bando kuingiza gemu zima, huhitaji hata akaunti kucheza peke yako au na mgeni aliyekaa pembeni yako kwenye kochi. Gemu la mpira la kampuni ya EA limeendelea kutoka kwa PS4 miaka yote hii, hata FC 26 limo. Na padi yake, ile ya kushika mkononi unapocheza, haina maikrofoni ndani, kwa hiyo mazungumzo ya sebuleni yanabaki sebuleni mpaka mtu achomeke hedifoni yenye maiki.

Usichanganye Slim na ile PS4 ya mwanzo ya 2013, kubwa, yenye nusu inayong'aa na nusu isiyong'aa. Ile inaweza kufika wati 140 na feni yake ikichoka inavuma kama kiyoyozi kibovu. Ukiona zimetofautiana bei kidogo, ongeza uchukue Slim. PS4 Pro nayo ina picha nzuri zaidi ila inakula umeme kuzidi hata hiyo ya mwanzo, na joto la Dar haliipendi.

Sasa namna ya kuikagua, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopigwa. Nenda na CD yako, hata ya kuazima. Muombe muuzaji aiwashe kwenye TV ya dukani, uicheze dakika 20 usikilize feni. Ingiza CD, itoe, iingize tena. Kinachogoma mara ya pili kitagoma daima. Shika padi, weka mhusika wako katikati ya uwanja, ondoa kidole kwenye kijiti. Akiendelea kutembea mwenyewe, kijiti kimekwisha. Halafu washa hotspoti ya simu yako, iingize mtandaoni kwa akaunti yako. Mashine iliyochakachuliwa ili icheze gemu za wizi mara nyingi hubaki na programu ya zamani, na Sony, wenye PlayStation, huifungia ikionekana mtandaoni. Muuzaji akikwambia "hii usiiunganishe na intaneti, usiiapdeti", amekwisha kukuambia unachonunua. Mwisho, ifutwe mbele ya macho yako, ianze kuuliza lugha kama imetoka kiwandani leo. Aliyekuwa nayo ana haki hiyo, na wewe pia.

Ya pili: PS5 yenye kisoma CD

Kama pesa ipo na unataka mashine ya miaka mingi mbele, hii ndiyo. Inasoma CD za PS4 pia, kwa hiyo maktaba yako ya zamani haipotei. Gemu la GTA VI limetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu, na kwa watu wengi hilo peke yake limemaliza mjadala.

Ila iangalie LUKU. Kwenye gemu nzito inafika wati 200, hiyo ni uniti 18 kwa mwezi, shilingi 6,400 hivi. Kwa mwenye kipato cha wastani si mzigo mkubwa. Tatizo ni kwa nyumba iliyo kwenye ile bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi. Uniti 18 ni karibu robo ya haki yako yote, na ukivuka 75 zile za ziada unauziwa kwa bei ya juu kuliko hata ya mteja wa kawaida. Friji, pasi na PS5 kwenye nyumba hiyo zitagombana. Nimeona rafiki yangu akishangaa kwa nini umeme unaisha tarehe 19 wakati hakuna kilichoongezeka "isipokuwa gemu la watoto".

Nunua yenye kisoma CD. Ile isiyo nacho ni rahisi dukani, lakini inakufunga kwenye duka moja la mtandaoni, na hapo kuna kero ambayo matangazo hayaisemi: Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PSN, yaani mtandao wa PlayStation. Watu hufungua akaunti ya Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, wakanunua kadi za vocha za nchi hiyo hiyo. Inafanya kazi, lakini kwa masharti ya Sony unakuwa umetoa taarifa isiyo sahihi, na siku akaunti ikifungiwa, gemu zote ulizonunua kidijitali zinafungiwa nayo. CD haifungiwi. Kwenye Slim ya 2023 kisoma CD ni cha kubandika, na kinahitaji intaneti mara moja kuunganishwa na mashine, kwa hiyo fanya kazi hiyo dukani kabla hujaondoka.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho nataka kila mzazi akijue. Padi ya PS5 ina maikrofoni ndani, na mtoto akiingia kwenye gemu la mtandaoni inaweza kuwa wazi bila yeye kujua. Chini ya kitufe chenye nembo ya PS, katikati ya padi, kuna kitufe chembamba. Kibonyeze, kikiwaka rangi ya chungwa maana yake maiki imezimwa. Kwenye mipangilio unaweza kuamuru iwe imezimwa kila mtu anapoingia. Nimefanya hivyo kwangu baada ya kusikia sauti ya mtu mzima nisiyemjua ikimuuliza mpwa wangu anaishi wapi, na mpwa wangu, kwa adabu zake zote alizofundishwa, akaanza kujibu.

Umri wa mtoto nao usiuongopee. Wazazi wengi huandika 1990 ili wamalize haraka, kumbe wanamwondolea mtoto kinga zote. Mfungulie akaunti ya mtoto iliyo chini ya yako. Sheria si maneno matupu hapa: Juni 2023 Microsoft, wenye Xbox, ilikubali kulipa dola milioni 20 Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 kwenye Xbox bila idhini ya wazazi. Epic, wenye Fortnite, mwaka 2022 walikubali kulipa dola milioni 275 kwa kosa la aina hiyo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, na Kenya wanayo yao toka 2019, lakini hakuna sheria itakayokaa sebuleni kwako saa mbili usiku.

Na kadi ya benki? Mimi siihifadhi. Aprili 2011 wavamizi waliingia PSN wakafikia taarifa za akaunti takriban milioni 77, na mtandao wenyewe ukazimwa kwa zaidi ya wiki tatu. Nunua vocha, weka kiasi unachotaka kutumia, basi.

Ya tatu: Nintendo Switch

Kwa mtu mwenye umeme wa kukatika, au anayeishi kwa sola, hii ingepanda hadi ya kwanza. Ikiwa kwenye TV inakula wati 12 hivi, uniti moja kwa mwezi, hata shilingi mia nne haifiki. Umeme ukikatika unaichomoa unaendelea mkononi kwa kioo na betri yake yenyewe. Switch Lite, ile ndogo isiyounganishwa na TV, hukaa na chaji masaa 3 hadi 7, na inachajiwa kwa pawabenki ya kawaida ya simu. Shemeji yangu kule Masasi anaichaji mchana kwa paneli ile ile inayowasha taa.

Kinachoishusha ni gemu zake. Kadi zake za gemu ni adimu madukani kwetu, ni ghali, na hazishuki bei haraka. Wapenzi wa mpira watakuta toleo la mpira limo lakini si lile la PS5. Ukinunua ya mtumba, kagua vijiti vya padi kwa makini kuliko mashine yoyote nyingine, ni ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima. Ndani ya mipangilio kuna ukurasa wa kupima vijiti: alama ikicheza bila kuguswa, achana nayo. Switch 2 iliyotoka Juni 2025 ni nzuri, ila kwa bei yake mimi ningeongeza kidogo nikachukua PS5.

Ya nne: Xbox Series S

Dukani inavutia: mpya, ndogo, bei chini ya PS5, wati 70 tu ikicheza. Lakini haina kisoma CD kabisa. Kila gemu unalipakua, na gemu kama Call of Duty linazidi GB 100. Kwa mwenye faiba nyumbani hilo si neno. Kwa anayenunua bando la wiki, gemu moja ni bando nyingi, na diski yake ya GB 512 ikijaa unafuta, kesho unapakua upya kwa bando jingine. Huwezi kuazima CD kwa jirani, huwezi kuuza gemu ulilochoka nalo.

Ukishakuwa nayo, nenda kwenye mipangilio ya umeme uangalie namna inavyolala. Ule usingizi wa kuamka haraka unakula wati 10 hadi 15. Piga hesabu: wati 10 kwa masaa 21 ambayo huchezi ni uniti 6 kwa mwezi, sawa na umeme wa kucheza kwenyewe. Mashine imelala na mita inasoma. Chagua kuzima kabisa, inashuka hadi nusu wati. Microsoft wenyewe mwaka 2023 walianza kuzihamishia mashine kwenye mpangilio huo.

Zile fimbo za HDMI zenye "gemu elfu kumi" zinazouzwa barabarani sizipangi popote. Mtoto atafurahi wiki mbili, padi zitaachia vitufe, na pesa hiyo ilikuwa inatosha CD mbili za PS4.

Usisubiri bei zishuke kama zamani. Series S ilitoka 2020 kwa dola 299 kule Marekani, na Oktoba 2025 ilikuwa imefika 400. PS5 nayo ilipanda hapo hapo Agosti 2025. Yetu inafuata, maana inapitia Dubai ikiongezewa usafiri na ushuru.

Yoyote utakayochukua, iwe Aggrey au Luthuli Avenue kule Nairobi, geuza usome kibandiko cha umeme: kiandikwe hadi 240 V, hasa kwa Xbox za zamani zilizotoka Marekani, ambazo adapta zake huungua mara moja zikichomekwa kwetu. Nunua stebilaiza au kile kilinzi cha friji siku hiyo hiyo. Umeme ukikatika chomoa waya ukutani, ukirudi subiri dakika tano ndipo uchomeke. Mshtuko wa umeme unaporudi ndio unaoua mashine. Na kabla hujatoa pesa, risiti ya EFD iandikwe namba ya mashine yako, uilinganishe na iliyo kwenye kibandiko, herufi kwa herufi, ukiwa bado umesimama kaunta.