Sindano ya Whitacre geji 25: nzuri kwa kichwa, ila pingili uzihesabu vizuri

Kwa ganzi ya mgongo ya upasuaji wa kujifungua, hii ndiyo sindano ya kuagiza kwanza. Urefu wake ni milimita 90, unene nusu milimita, kitako rangi ya chungwa. Ncha yake imechongwa kama penseli, hivyo haiukati utando wa dura, unaozunguka maji ya uti wa mgongo, bali hupenya kwa kuachanisha nyuzi zake. Maumivu ya kichwa baada ya ganzi hupungua sana kuliko kwa sindano ya Quincke, ambayo ncha yake hukata.

Tatizo liko kwenye tundu. Liko ubavuni, nyuma kidogo ya ncha, kwa hiyo ncha lazima iende mbele zaidi kabla maji ya uti wa mgongo hayajatoka. Tundu likiingia nusu, maji yatatoka lakini sehemu ya dawa itamwagika nje ya dura, na ganzi haitashika vizuri. Na ukiwa umechoma juu mno, hiyo milimita ya ziada ndiyo inayoweza kuugusa ugwe mgongo, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo.

Kuchoma juu mno ni rahisi mno. Kwa mtu mzima ugwe mgongo huishia kwa kawaida L1–L2 (L ni pingili za kiuno, huhesabiwa kutoka juu kwenda chini), lakini wapo ambao wake unafika L3. Mstari wa Tuffier, unaounganisha kingo za juu za mifupa ya nyonga, kwenye eksirei hupita L4 au L4–L5. Ukiutafuta kwa vidole kwa mjamzito au mtu mnene, unaangukia juu zaidi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2000, uliohakiki kwa MRI, ulikuta wataalamu wa usingizi wakitaja nafasi sahihi kati ya pingili kwa asilimia 29 tu. Mwaka 2001 huko huko wakaripotiwa wagonjwa 7, wengi wao wa uzazi, walioumia ncha ya ugwe mgongo kwa sindano za namna hii. Wachomaji waliamini wako L2–L3.

Halafu kuna pingili za mpito: L5 iliyoungana na sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, au S1, pingili ya kwanza ya sakramu, iliyojitenga ikawa kama pingili ya sita ya kiuno. Hapo hata ultrasaundi, kwa kuwa huhesabu kutoka sakramu kwenda juu, hukosea pingili moja. Mgonjwa akiwa na eksirei ya zamani ya kiuno, itazameni kabla ya kumkalisha.

Kwa sindano hii, chomeni L3–L4 au L4–L5. Mkiwa na shaka, shukeni nafasi moja, msipande. Sindano fupi ya kuongozea isizamishwe yote kwa mgonjwa mwembamba, maana yenyewe yaweza kutoboa dura. Akisikia shoti ya umeme mguuni, simama, rudisha sindano nyuma, usisukume dawa hata kama maji yanatoka vizuri. Kwa wagonjwa wanene sana, milimita 90 hazitoshi. Wekeni akiba ya zile ndefu.