Pua imeziba bila mzio: dawa ya kupulizia au maji ya chumvi?

Si kila mafua ni ya mzio. Moshi wa mkaa, marashi makali, baridi ya kiyoyozi, pilipili, ujauzito, hata baadhi ya dawa za presha huweza kuziba pua au kuifanya itiririke. Hapo wengi hukimbilia duka la dawa.

Dawa ya kupulizia yenye oksimetazolini hubana mishipa ya damu ndani ya pua. Dakika chache tu unapumua, na nafuu yaweza kufika saa 12. Kwa usiku mmoja wa taabu, sina ubishi nayo. Tatizo ni ukizidisha siku tatu: ikiisha nguvu mishipa huvimba upya, unapuliza tena, na sasa dawa yenyewe ndiyo inayoziba pua. Wapo wasiotoka nyumbani bila kichupa mfukoni, wakiamini wana mzio. Mwenye presha amwulize mfamasia kwanza.

Maji ya chumvi hayana haraka na, kusema kweli, mara ya kwanza yanakera kama kupaliwa baharini. Lakini husafisha vumbi na kamasi, na unaweza kuyatumia kila siku. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa mililita 240 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Ya bomba moja kwa moja, hapana: yanaweza kuwa na amiba wa hatari akiingia puani.

Kwa mafua ya moshi ya kila siku, mimi nachagua chumvi, na jiko litoke nje.